Folda Iliyomkataa Administreta

Baba yangu aliwahi kunyeshewa mbele ya nyumba ya kaka yangu, kwenye shamba lake mwenyewe, na hakuingia. Sisi Wakisii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Shamba ni lako, sawa, lakini mlango una mwenyewe. Alisimama kwenye migomba akipiga kelele aletewe koti, na yule ng'ombe wake mkorofi, lakini wacha hayo ya ng'ombe.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, nilikuwa mfagiaji wa duka la uchapaji mjini Kisii. Mitihani ya shule moja ya Magwagwa ilikuwa kwenye seva, ndani ya folda ya taipisti wetu, aliyekuwa ameenda kwao Marani kujifungua. Mwalimu mkuu alikuwa kwenye benchi anasubiri. Watoto wangeanza mtihani kesho asubuhi.

Fundi kutoka Kisumu akaingia kama administreta, yaani msimamizi wa seva nzima. Folda ikamkatalia. Akazima seva, akawasha, ikamkatalia tena.

"Administreta hufungua kila kitu," akasema.

"Sasa mbona hafungui?" mwalimu akamuuliza.

Nikaweka ufagio chini. "Fundi, seva ni yako, folda ni ya yule mama. Jiandikishe kwanza kuwa mwenye folda, halafu ujiongeze kwa wanaoruhusiwa kuifungua."

"Mzee, ulisomea wapi?"

"Hapa hapa, nikimwangalia taipisti akiifunga."

Akanipisha kiti huku akicheka. Nikabonyeza pale na pale, folda ikafunguka, printa ikaanza kazi. Fundi akasema anaenda kunywa chai. Mpaka leo hajarudi.