Sauti Isiyokuwa na Upande

Kitu cha kwanza kilichonitimua jikoni kilikuwa mafuta ya mawese. Maman alimwaga vitunguu kwenye sufuria kama alivyofanya kila siku ya maisha yangu, na kitu kikapasuka ndani ya kichwa changu, chwaaa! Niliruka, nikaangusha kigoda, nikajikuta uani nimeziba masikio kwa viganja, jambo la kipumbavu kabisa, maana sauti haikupitia huko tena. Nilikuwa na miaka tisa. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imeninyang'anya masikio kabla sijaanza shule, na sasa, baada ya safari ndefu ya kwenda kupasuliwa India, nilikuwa nimerudi kwetu Kadutu, Bukavu, na waya mwembamba ndani ya sikio la kulia na kidude kilichoshikwa kichwani kwa sumaku. Watu wa mtaa walikuja kushangilia muujiza. Mimi nilitaka kuingia chini ya kitanda.

Nilidhani nitarudishiwa zile sauti nilizoziacha nikiwa mdogo. Wapi! Nilipewa makelele. Sauti ya Maman ilikuwa kama kijiko kinachokwangua ukoko. Ya Koko, bibi yetu, vilevile. Mvua, pikipiki, mbuzi wa jirani, vyote kijiko na ukoko. Kibaya zaidi, sauti hazikuwa na upande. Kwa kuwa nasikia kwa sikio moja tu, kila kitu kililia katikati ya kichwa. Maman akiniita toka mlangoni niligeukia dirishani, na mdogo wangu Bahati, mtoto wa miaka mitatu, alicheka mpaka akagaagaa. Daktari alikuwa ameonya kwamba kichwa hujifunza kusikia kwa kusikia. Nikikivua kidude kila ninapoogopa, sitajifunza kamwe, nitabaki kiziwi mwenye kovu. Basi hiyo ndiyo ikawa vita yetu: mimi nakivua, Maman anakirudisha. "Vumilia, mutoto yangu," alikuwa akisema. "Na nikikuita, usinitafute. Simama tu. Mimi njo nitakuja." Yaani yeye ndiye atakayenifuata.

Mtaa wetu ulikuwa wa nyumba za mbao, zimepandana mlimani hata ukuta wa mmoja ni ukuta wa mwenzake. Moto ukianza kwa mmoja ni wa wote. Kwa hiyo desturi yetu ilikuwa hii: anayeona moto anapiga sufuria, na anayesikia anachukua ya kwake na kupiga pia, mpaka mlima mzima unalia. Katika miaka yangu ya uziwi sikuijua sauti hiyo hata kidogo. Niliujua mkono wa Koko tu, ukinikamata begani na kunitoa mbio.

Ilikuwa kiangazi, alasiri. Maman alikuwa sokoni akiuza maharagwe yaliyotoka Mudaka, na Koko ameshuka bombani kuchota maji. Nilikuwa namlisha Bahati bugali makelele yaliponilipukia, makali, hayakatiki, yananigonga fuvu kwa ndani. Nikajua mara moja kwamba mashine imeharibika. Ingekuwa nini kingine, na kelele iko kichwani mwangu mwenyewe? Nikaivua, nikaiweka mezani. Loo, ule ukimya ulivyokuwa mtamu! Nikamega tonge jingine. Harufu ya moshi ilikuwepo, lakini Kadutu moshi upo kila saa, kila mlango una mbabula yake ya makaa. Niliendelea kulisha kwa amani kabisa mpaka nikaona Bahati hali tena. Ametazama juu, mdomo wazi, machozi yanamtiririka. Nikatazama naye. Moshi mweusi ulikuwa unaingia kati ya mbao na mabati.

Mungu wangu! Nilikirudisha kidude kichwani, na makelele yakarudi yaleyale. Haikuwa mashine. Yalikuwa masufuria. Nikamtia Bahati mgongoni nikatoka, na hapo kichochoroni ndipo nilipojua woga ni nini, maana mlima mzima ulikuwa unanipigia kelele na hakuna hata sauti moja iliyoniambia nikimbilie wapi. Mbao kushoto, mbao kulia, moshi mbele na nyuma, wala sikuona mtu wa kumfuata. Nikachagua kupanda. Joto lilizidi kila nilipokanyaga, na miguu yangu, mijinga kweli, iliendelea kupanda. Kisha katikati ya kijiko na ukoko nikasikia jina langu. "Furaha! Furaha, simama!" Alikuwa Maman. Sijui niliitambuaje sauti yake siku hiyo, lakini niliitambua, na ilitoka kila mahali. Mwili wote ulitaka kukimbia. Nikasimama. Nilijikojolea, nasema wazi, lakini nilisimama palepale, Bahati amenikaba shingo, cheche zinapita juu yetu, mpaka mkono ukanikamata begani kutoka nyuma na kunigeuza. Maman alikuwa amepanda mbio toka sokoni, bila viatu.

Nyumba yetu iliungua pamoja na za majirani, ila watu wote walipona. Jioni tulikaa kwenye uwanja wa parokia, juu ya mikeka ya kuazima, na Maman akaninyooshea kiganja. "Kitoe leo, mama. Pumuzika." Ndiyo mara ya kwanza aliyoniambia nikivue. Nikakifunika kwa mkono. "Non, maman," nikamwambia, na nikalia mpaka Koko akanifunika kwa kitenge.

Leo naishi Nguba, kando ya ziwa, katika nyumba ya matofali, na mume na binti mdogo. Nabishana kwenye simu, naimba kwaya, vibaya lakini naimba. Wenzangu kazini, wakichoshwa na vipaza sauti vya makanisa na muziki wa baa, hunitania: "Heri wewe, Furaha, unazima ville yote, mji mzima!" Nacheka nao. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami sijawahi kudai ushujaa. Zamani Maman alipigana nami nisikivue kidude. Siku hizi mume wangu ndiye anayenibembeleza nikivue, nilale. Maana kabla ya kukivua nazunguka nyumba chumba kwa chumba nikinusa: jikoni, kwenye soketi, juu ya kitanda cha mtoto. "Unatafuta nini tena?" ananiuliza. "Hakuna kitu, lala," namjibu, na narudi kunusa.