Nilitoka Kwenye Ndege, Kelvin Akabaki

Wapendwa, mchungaji ameniomba nieleze muujiza. Mimi nitaeleza yaliyonipata, na kama kuna muujiza ndani yake mtauona wenyewe. Wengi mnanijua, Mama Ndinda wa Tassia, yule mnene mwenye mdomo. Mdomo bado ninao. Unene hospitali ilinipunguzia.

Kabla ya ajali nilikuwa mpishi. Nilipikia mafundi wanaochimba visima huko kaskazini, mwezi mmoja huko, mwezi mmoja nyumbani. Kwa kawaida tulisafiri kwa lori. Mara hiyo mvua ilikata barabara, kwa hiyo nikapewa nafasi kwenye ndege ndogo iliyokuwa imeleta vipuri vya pampu na ilikuwa inarudi Nairobi tupu. Abiria nilikuwa peke yangu. Nikaketishwa mbele, kando ya rubani, kama bibi harusi.

Rubani alikuwa Kelvin, kijana wa mtaa wa Komarock. Aliniona nimekumbatia mkoba, nasali.

"Aunty, relax," akasema. "Leo lunch unakulia kwako."

Akanifunga mshipi mwenyewe, akauvuta hadi ukanibana tumbo. Nikamwambia ana mkono mzito kama askari wa kanjo anayekamata wachuuzi. Alicheka sana.

Tulipaa vizuri. Hatujafika mbali, injini ikakohoa, ikatulia, ikakohoa tena, kisha ikazima kabisa. Kelvin hakupiga kelele. Alisema, "Inamisha kichwa, aunty. Chini kabisa." Mimi nilikuwa nimeganda, nikitazama mawe yakitujia. Akanyoosha mkono wa kulia, akanishika kisogo na kunisukuma chini hadi uso ukagusa magoti. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Wafugaji waliokuwa karibu ndio walionitoa, moto ukiwa umeshashika. Nyonga ilikuwa imevunjika, mfupa wa paja la kushoto umetokeza nje, na mgongo umeungua. Kelvin alikuwa ameshakata roho.

Nililetwa hospitali hapa Nairobi. Walichuna ngozi kwenye paja la kulia wakaibandika mgongoni. Siku za kubadilisha bandeji nililia hadi nikajikojolea, na sioni haya kusema. Daktari aliniambia, "Mama, mfupa utaunga. Kidonda ndicho kinanitia wasiwasi." Na kweli kilioza. Nilikuwa nasikia harufu yangu mwenyewe, homa inanitingisha hadi kitanda kinalia. Binti yangu Ndinda aliniogesha kama mtoto mchanga. Nikachoka. Nikamwambia aniache nife.

"Mum, ukufe niachiwe nani?" akasema. "Kunywa uji."

Nikanywa uji.

Wachunguzi wa ajali walinifuata wadini. Waliuliza injini ilisikika vipi, upepo ulikuwaje. Kisha wakauliza kama Kelvin alikuwa ananuka pombe. Nilikasirika. "Alinukia sabuni," nikawajibu. Lakini mtaani uvumi ulikuwa umeshaenea. Hata watu waliokuja kuniona, na matunda mkononi, walisema mbele yangu, "Si wanasema huyo pilot alikuwa mlevi?" Nilimhurumia mama yake, ambaye hata sikuwa namjua.

Niliporuhusiwa kwenda nyumbani, majirani walinibeba kwa kiti cha plastiki hadi gorofa ya tano, wakinitania kwamba ni heri hospitali ilinipunguza. Nikajifunza kutembea upya pale kwenye korido, na magongo, nikipita chini ya nguo za watu zilizoanikwa.

Siku moja mchana mama mmoja alibisha hodi, anahema kwa zile ngazi. Alikuwa Mama Kelvin. Ripoti ya uchunguzi ilikuwa imetoka. Mwanawe hakuwa amelewa. Mafuta yaliyowekwa kutoka kwenye mapipa kule uwanjani tulikopaa yalikuwa yameingiwa na maji. Lakini rubani hutakiwa kuchota mafuta kidogo na kuyaangalia kabla ya kuruka, na wachunguzi hawakuweza kujua kama Kelvin alifanya hivyo.

"Mama Ndinda," akasema, hata chai hajagusa. "Wewe ulikuwa pale. Ulimwona mtoto wangu akiangalia mafuta?"

Ndinda alinikodolea macho ya kuniambia niseme ndiyo. Neno moja tu, na yule mama angepata usingizi. Nilitaka kulisema, Mungu anajua. Lakini mtu wa mwisho kumwona mwanawe akiwa hai ni mimi, na nikimdanganya mimi, hana mwingine wa kumuuliza.

"Sikuona," nikasema. "Nilikuwa nampigia Ndinda simu. Labda aliangalia, labda hakuangalia. Sijui, mama."

Alilia kwa sauti. Nami nikalia. Kisha nikamweleza nilichokijua, maneno yale ya Kelvin na mkono ule. Nikamwambia wafugaji walisema ilibidi kwanza wauondoe mkono wake shingoni mwangu ndipo wanivute nje.

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

Akainuka, akazunguka kiti changu, akaniwekea kiganja kisogoni.

Sasa natembea na gongo moja. Mguu mmoja ni mfupi kidogo, na baridi ya Julai inauma hadi kwenye vyuma nilivyowekwa mguuni. Ukilazwa hospitali, fanya mazoezi unayoambiwa hata ukilia, na kidonda kikianza kunuka sema mapema. Nanyi mnaotembelea wagonjwa, leteni matunda, umbea uacheni nyumbani.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru madaktari, wafugaji wale, na Ndinda wangu. Ila msiniambie tena kwamba nilitoka kwa sababu Mungu ananipenda sana. Linanichoma neno hilo, maana Kelvin naye alikuwa na mama anayemwombea. Leo nimemwalika. Ni yule mwenye kitambaa cha buluu, karibu na mlango. Nina neno moja la kumwambia mbele yenu wote, halafu niketi.

Mama Kelvin, asante kwa kumzaa.