Nilipomfuata Binti Yangu Paestum

Sikwenda Italia kutalii. Nilitumwa. Binti yetu Lamaro amekaa huko miaka sita akikamua mifugo, na mke wangu alinifungashia mkoba hapa nyumbani Kisugu, kisha akatoa amri: "Mzee, wewe leta mtoto. Usirudi peke yako." Nimekuwa polisi nusu ya umri wangu, lakini amri ya namna hiyo sijawahi kuikataa.

Niliondoka Entebbe alasiri. Angani sikulala, nilitunga maneno ya kumshawishi, nikayasahau, nikatunga mengine.

Kesho yake treni kutoka Napoli ilinishusha Paestum, mji wa kale uliojengwa na Wagiriki waliovuka bahari. Lamaro alinipokea, akanipeleka moja kwa moja shambani anakofanya kazi. Nikakuta nyati weusi, pembe hizi, wamejipanga foleni wakingoja kukamuliwa. Kwetu Nwoya, nilikozaliwa, nyati humtoa mtu roho. Nikarudi nyuma ya lango.

"Baba, hapana ogopa," alisema akicheka. "Hii iko ya maziwa."

Akampapasa mmoja shingoni, naye mnyama akafumba macho. Nilidhani naota, na ndoto hiyo haikuniacha siku zote nilizokaa pale.

Jioni tulikwenda kwenye mahekalu. Nguzo nene zilisimama katikati ya majani, mawe yake bado yana joto la mchana. Paa hakuna, mbayuwayu waliingia na kutoka watakavyo. Tulitembea polepole, nami nikajisikia mwepesi, nimesahau hata nilichotumwa.

"Hawa Wagiriki walirudi kwao lini?" nilimuuliza mwishowe.

"Hawakurudi, Baba."

Akatazama pembeni. Nilijifanya sikuelewa.

Siku ya tatu asubuhi nilizunguka nyuma ya nyumba yake, nikakuta malakwang, mboga yetu chachu sisi Waacholi, matuta manne yamepaliliwa vizuri. Mashina machache alikuwa ameyaacha yakauke kwa ajili ya mbegu ya mwaka ujao. Anayeondoka hatunzi mbegu. Nilichuchumaa pale nikalia, sifichi. Kisha nikachota maji nikamwagilia, na yale maneno yangu yote sikuyasema.

Niliporudi Kisugu, mke wangu alikuwa getini. Alichungulia kiti cha nyuma cha gari.

"Lamaro iko wapi?"

"Iko nyumbani kwake."

Nilikuwa nimejifunza kwamba mtoto anaweza kuwa na kwao mahali ambapo mzazi hakumpeleka, lakini sikujua nitamwelezaje mama yake. Aliketi kwenye ngazi, akanivuta nikae kando yake.

"Basi niambie," alisema. "Kwake kunakaa namna gani?"