Ndeti wa Matanga na Filamu ya Mtu Hai

Hapo Kitui mjini, ukimwona Ndeti amebeba kamera, swali la kwanza ni moja tu: nani amefariki? Huwezi kumlaumu mtu. Kwa miaka mingi Ndeti amekula kwa mazishi. Anapiga video ya jeneza likitoka mochari, ya kwaya, ya mchungaji, ya jamaa wakitupa udongo, kisha anaipelekea familia ikiwa na picha ya marehemu mbele na wimbo wa polepole chini yake. Kazi yake ni safi, hata wanaomkwepa njiani wanakubali. Lakini mwenyewe alikuwa amechoka. Alichoka kufahamiana na watu wakiwa wameshalala.

Basi kikundi cha wapenda sanaa pale mjini kilipotangaza kwamba kinataka filamu fupi za wasanii wa Kitui, za kuonyeshwa Ijumaa ukumbini, Ndeti akajitokeza mbio. Filamu yake ikipendwa, angepewa kurekodi wasanii wote waliobaki, na makaburi angeyaaga. Isipopendwa, kulikuwa na mazishi Kyuso yakimngoja.

Alimchagua Kanyiva, binti wa Mzee Nzomo wa kijiji cha Nuu. Kanyiva ana kibanda pale mjini, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, na humo anasuka nyuso za watu kwa katani na vipande vya magunia, nyuso kubwa za kujaza ukuta. Mwanamke wa Ukambani kusuka kiondo si ajabu, lakini uso wa mtu, jamani? Baba yake ni shemasi, na alishasema wazi kwamba hizo ni sanamu, na sanamu Biblia imezikataza. Hakuwahi kukanyaga kibanda kile. Kanyiva naye hakuwa akimtaja sana.

Ndeti alirekodi siku nzima, vidole vikipita kwenye nyuzi, mwanga mzuri. Shida ilikuja alipoketi kuunganisha. Kompyuta yake haikuwa na mwanzo mwingine ila ule wa kila siku. Akaweka picha ya Kanyiva katikati ya maua, ikijitokeza polepole kutoka mawinguni. Akaweka kwaya. Chini akaandika jina, mwaka wa kuzaliwa, na kile kistari cha kutenganisha miaka. Baada ya kistari hakuandika kitu kwa sababu, kama alivyojitetea baadaye, hakukuwa na kitu cha kuandika. Aliitazama akaona imetulia. Akaiweka kwa status ya simu yake watu waanze kuionja, akaenda kulala.

Hebu fikiria wewe ni mtu wa Nuu. Unaamka, unafungua simu, na kwa Ndeti wa matanga kuna Kanyiva amezungukwa na maua. Utauliza nini zaidi? Simu ya Kanyiva ilikuwa imezima, iko kwa chaji pale kinuni, na stima ilikuwa imepotea. Kabla jua halijawa kali, kina mama walikuwa wakifika kwa Mzee Nzomo na mitungi ya maji na kuni, vijana wanasimamisha hema, na mtu mmoja keshaanza kuuliza atachinjwa mbuzi gani.

Mzee Nzomo hakungoja hema. Alishuka Kitui, akaanzia mochari. Huko wakamwambia hawana mtu wa jina hilo, labda amuulize aliyetoa habari. Ndivyo Ndeti alivyoinua macho na kumkuta mzee mlangoni pa studio.

"Ndeti," akasema bila salamu, "msichana wangu umemwona wapi?"

"Kwa kibanda yake, Mzee. Juzi. Alikuwa anasuka."

"Nauliza amelazwa wapi."

Hapo Ndeti akaelewa. Alijaribu kueleza habari ya kistari, maneno yakagongana. Mwishowe alifunga studio, akamshika mzee mkono, wakaenda.

Kanyiva alikuwa ameketi anasuka. Alipomwona baba yake akasimama. "Baba? Mama ako sawa?"

Mzee akamsogelea. Alimshika bega moja, akashika la pili, akapapasa mikono yake mpaka vidoleni, akalia. Alilia kwa sauti, shemasi mzima, na kwa vile kinu kilikuwa kimezima, majirani wote walisikia. Kanyiva hakuwahi kumwona akilia, na aliogopa.

Alipotulia, mzee akatazama kuta. Kati ya zile nyuso kulikuwa na moja ya mwanamume mzee mwenye pengo mbele.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Ni wewe."

"Masikio umefanya makubwa."

"Ndivyo yalivyo, Baba."

Mzee alijishika sikio.

Ijumaa filamu ilionyeshwa, kistari kimefutwa, lakini maua yalipotokea tu ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kikundi kilimshukuru Ndeti kwa adabu, kazi iliyobaki kikampa Gakenia mwenye studio ng'ambo ya barabara. Ndeti aliumia, tusidanganyane. Akaenda Kyuso, akarekodi jeneza.

Aliporudi alimkuta Mzee Nzomo amekaa nje ya studio.

"Nataka yangu," mzee akasema.

"Yako gani, Mzee? Na wewe ni mzima."

"Ndiyo maana nataka sasa. Maua uweke, na kwaya. Lakini unirekodi kwa kile kibanda, nikiwa na yeye. Siku mtaniweka mbele ya watu kwa jeneza nitakuwa siwezi kuwaambia huyu anafanya kazi gani."

Ndeti aliitazama kamera yake. Tangu anunue ile kamera, hakuna mtu aliyewahi kumwagiza filamu yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Wakaenda. Kanyiva akavutiwa kiti, mzee akasimama kando yake, akavua kofia.

"Niseme?" akauliza.

"Sema tu, Mzee."

"Huyu ni msichana wangu," Mzee Nzomo akaanza. "Hizi ni kazi zake."