Mwano Usio na Mwizi

Kikao kiliitishwa kijijini Kimali, nyumbani kwa baba mkubwa, na ajenda ilikuwa mimi. Nilitoka Bariadi, ninakofundisha baiolojia, nikiwa na kidonge changu cha mchana kwenye pochi.

Nina saratani ya damu. Bandama ilivimba hadi wanafunzi wakanong'ona kwamba nina mimba. Vidonge vya hospitali vikaishusha, na tumbo lilipolala tu, ukoo ukaamua nimepona: niviache, nimshukuru mganga aliyenichanja. Nilikasirika. Nani aliwaambia mwili wangu una mwenyekiti?

"Ng'wana wane, mwanangu," baba mkubwa alisema, "anayemeza dawa akiwa mzima anauita ugonjwa."

Aliwahi kuwa kamanda wa sungusungu, basi nikamjibu kwa mfano wa mwano, yowe la kuitana. Kwetu Usukumani ng'ombe wakiibwa, mwenye kaya hupiga yowe. Jirani akilisikia hulipokea na kulipeleka mbele, hadi kijiji kizima kiko mbioni. Anayekaa kimya hutozwa faini.

"Ndani ya seli ni vivyo hivyo, baba. Habari inafika mlangoni. Protini iitwayo kinasi inaipokea, inambandika jirani yake kipande cha fosfeti. Jirani anaamka, naye anambandika wa mbele, hadi kwenye kiini, na amri inatoka: gawanyika. Kazi ikiisha, fosfeti zinabanduliwa, kila mmoja anatulia. Mimi kinasi yangu moja imeharibika. Inapiga mwano usiku na mchana, mwizi hayupo, na damu inazaliana ovyo. Kidonge kinaziba pale inapochukulia fosfeti. Nikikiacha, inaanza upya."

"Mpiga mwano wa uongo tunamfukuza kijijini."

"Huyu hafukuziki, yumo damuni. Namziba mdomo tu, kila siku, nikiumwa nisiumwe."

Shangazi akasema Mungu hapendi kiburi. Nikamwambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwamba mimi napenda kuishi, tena sana.

Ugali ukaletwa. Kidonge changu huenda na chakula na maji mengi, kwa hiyo nikakiweka kiganjani, nikaomba maji. Hakuna aliyeinuka. Wote walimtazama baba mkubwa wakingoja ishara yake, naye hakuitoa.

Nikainuka mwenyewe, nikachota mtungini, nikameza mbele yao, kisha nikarudi kwenye ugali wangu. Kama kuna faini ya kukaidi kikao, waje kuidai Bariadi. Watanikuta hai.