Dakika Kumi za Mtu wa Juu

Mwalimu wetu wa fizikia alitupangia mazungumzo ya redio na mwanaanga aliyekuwa akiishi kwenye kile kituo kinachoizunguka dunia, na muhula mzima shule yetu ya kutwa, karibu na Mikinduri, haikuzungumza jambo jingine. Tulikariri maisha ya huko kama amri kumi. Wanalala ndani ya mifuko iliyofungwa ukutani. Wanafanya mazoezi karibu saa mbili kila siku, wamejifunga mikanda, la sivyo mifupa inadhoofika. Maji ya chai yao jana yalikuwa jasho na mkojo, yamesafishwa. Nguo hawafui, zikichafuka wanazitupa.

Nilipoyapeleka hayo nyumbani, mama aliinuka kutoka kwenye karai la nguo akauliza kama huko wanaandika watu kazi. Baba, mkulima wa miraa, alisikia kwamba jua huwachomozea mara kumi na sita kwa siku, akataka kujua wanachuma saa ngapi.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa kidato cha pili, wakati wa kuchagua masomo, nami nilitaka fizikia. Baba alitaka binti yake asome sayansi kimu, mapishi na ushonaji, na fomu ilihitaji sahihi yake. Baada ya kubishana wiki mbili akatoa sharti: nikimuuliza swali yule mtu wa juu, naye akanijibu mimi, atakubali fizikia. Heri niseme mapema kwamba baba ndiye aliyekuwa pia mwenyekiti wa bodi ya shule.

Swali langu lilikuwa hili: wale wanaotoka nje ya kituo kutengeneza mitambo huku wakielea, walipokuwa na umri wangu walisoma nini? Mwalimu akaniweka wa kwanza kwenye orodha.

Sasa, kituo hakimsubiri mtu. Kingepita juu yetu kwa dakika kumi hivi, kisha kizame upande wa pili wa dunia. Mwalimu aliwaeleza wakubwa walioalikwa jambo hilo mara tatu, wakatikisa vichwa kwa busara. Lakini kwetu hakuna mkutano, hata wa kuchagua mlinzi wa tangi la maji, unaoendelea bila maombi na utambulisho. Maombi mwalimu aliyatanguliza mapema, kwani alikuwa mjanja. Utambulisho hakuufikiria, maana ni nani angetambulishwa kwa redio?

Siku ilipofika, mnamo saa tano asubuhi, sauti ikatoka kwenye spika ikatusalimu kwa Kiingereza. Nilisogea kwenye kipaza sauti, baba akanitangulia. Mwenye nguvu mpishe.

"Muga sana, mgeni wetu," alisema, akianza kwa salamu ya kwetu. "Mimi ndio mwenyekiti wa hii shule. Kabla watoto hawajauliza maswali, wacha nikutambulishie watu wenye wako hapa."

Alianza na wadogo, kama desturi inavyotaka, ili wakubwa waje mwisho. Kila aliyetajwa alisimama, akavua kofia, akaipungia redio mkono. Chifu aligeuka kidogo ili aonekane vizuri. Mchungaji aliongeza dua ya wasafiri. Na kwa kuwa baba alisema Kiswahili, ilibidi mwalimu atafsiri kila neno huku jasho likimtoka. Angemkatiza mwenyekiti? Nani anataka kumwaga unga? Mwanaanga alikuwa mtu wa subira. Alimshukuru mwenyekiti, akaomba apewe mwanafunzi. Baba alifurahi sana kushukuriwa, akarudi kumtambulisha naibu wake aliyekuwa amesahaulika.

Hatimaye nilipewa kipaza sauti. Nilisema jina la shule na nusu ya swali, spika ikakwaruza. Mtaalamu wa redio, aliyetoka Nairobi kwa kazi hiyo, alitazama saa, akavua visikizi vyake. Kituo kilikuwa kimeshazama. Baba aliushukuru ule mkwaruzo kwa hotuba fupi, akaomba mwanaanga apigiwe makofi, na watu wakapiga. Hata mimi nilipiga. Mpaka leo naona aibu.

Tulipofika nyumbani baba aliitisha fomu.

"Tulipatana nini?" aliniuliza.

"Nikijibiwa."

"Na ulijibiwa?"

Nikasema la. Baba ni mtu wa kushika neno lake. Alitia sahihi kwenye sayansi kimu bila hasira, tena kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma zaidi. Akanifariji kwamba hata watu wa huko juu lazima wapikiwe.

Kisha akanituma karatasi. Alitaka nimwandikie mwanaanga barua, kwa Kiingereza kizuri, kumshukuru kwa jinsi alivyomsikiliza. Sikuwa nimewahi kumkatalia baba kazi aliyonituma. Nilileta karatasi, nikaiweka mezani mbele yake.

"Andika wewe, baba," nikamwambia. "Mimi hanijui."