Swali la Emiliana Kwenye Usaili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha chuo kikuu pale Mbinga, nilikalishwa mwisho wa meza ya usaili, yale mahojiano ya kuchagua wanaotaka kusomea shahada ya uzamili. Mkuu wa Kituo alinikabidhi karatasi ya alama akaniambia, "Mwishoni nitawauliza kama wana swali. Mwenye adabu husema hana." Siku hiyo wote sita walisema hawana, nami nikaamini hiyo ndiyo adabu.

Baadaye nilihamishiwa Mbamba Bay, kwenye utafiti wa usipa, wale samaki wadogo wa ziwa. Huko niliwakuta wanafunzi wawili wa Profesa mmoja wa kituo chetu. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wao, maana yake ndiye wa kusoma tasnifu zao sura kwa sura na kuwaelekeza mpaka wamalize. Walikuwa mwaka wa tano. Sura walizompelekea hazikurudi. Mmoja alikuwa ameanza kuuza vitenge sokoni. Mwenzake aliendelea kupima samaki na kuandika, kama mtu aliyesahau anamwandikia nani.

Niliporudi Mbinga, Profesa huyo ndiye aliyekuwa sasa Mkuu wa Kituo. Mwaka ule akaja kwenye usaili Emiliana, mwalimu wa baiolojia kutoka Ruanda, kata ya hapohapo Mbinga, mjane mwenye binti mdogo. Aliwashinda wote kwa majibu. Profesa alipomuuliza kama ana swali, alifungua daftari.

"Ninayo, Profesa. Wanafunzi uliowasimamia, wangapi wamemaliza, na kwa miaka mingapi? Na ukisafiri, kazi yangu ataisoma nani?"

Profesa alitabasamu. "Mama, mwanafunzi wangu akijituma, hacheleweshwi na mtu."

Emiliana aliandika jibu hilo, kisha akanigeukia. "Na wewe, Mwalimu, una la kuongeza?"

Wiki ile faili langu la kupandishwa cheo lilikuwa ofisini kwa Profesa, likingoja saini. Nikasema, "Profesa ameshajibu."

Alichaguliwa. Mwaka wa pili Profesa akapata kazi nje ya nchi, akaondoka na sura tatu za Emiliana. Barua pepe zake hakuzijibu. Chuo nacho kikasema Emiliana hawezi kupewa msimamizi mwingine bila yule wa kwanza kuridhia. Mimi, nikiwa na cheo changu kipya, nilikiandikia chuo barua moja ya kumtetea. Haikujibiwa, nami sikuandika ya pili. Ruhusa yake ya masomo ikaisha akiwa bado anangoja msimamizi, akaondolewa kazi ya ualimu, akarudi Ruanda kulima kahawa.

Nilipostaafu nilimfuata huko. Nilimkuta akichambua kahawa kwenye kichanja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Nikamweleza habari za wale wawili wa Mbamba Bay, na kwamba siku ile nilikuwa nayajua yote.

Mikono yake haikusimama. "Yeye nilijua atajibu vile," alisema. "Swali lenyewe nilikuuliza wewe."

Nilikaa nikamsaidia kuchambua. Nilipoaga akaniambia binti yake naye anaomba nafasi ya uzamili. "Nitampa namba yako. Akikuuliza, mjibu."

Vijana wengi huniuliza wavae nini siku ya usaili. Ulizeni nani amemaliza kwa mtu atakayewasimamia, nani ameacha na kwa nini. Kisha watafuteni wanafunzi wake, muwaulize hayohayo akiwa hayupo. Na pale mezani, mtazameni anayeinamisha macho. Mimi niliyainamisha miaka mingi, na hakuna aliyenilaumu ila mmoja.

Binti wa Emiliana alinipigia simu mwezi uliopita. Alitaka kujua habari za mhadhiri niliyemfundisha mwenyewe, ninayempenda kama mwanangu, na ambaye hupita kunisalimia kila Krismasi.

"Walianza kwake wanne," nikamwambia. "Amemaliza mmoja. Usiende."